Sikari Iko Hadado

Wanangu, mmenikuta nimelala. Usione haya, Nasra, kaeni tu. Hapa Garissa mzee asipolala baada ya adhuhuri, mjue ana homa. Na mimi siku hizi usingizi wangu si wa kulala kabisa. Nafumba macho naona barabara ya vumbi, na mbele kabisa mazigazi, yale maji ya uongo yanayomeremeta juu ya mchanga, na katikati ya mazigazi mji. Mara ni Yeriko. Mara ni Harani. Nikifumbua macho ni ukuta wangu na kalenda ya duka la mbegu.

Mmekuja na tableti yenu mkitaka visima vyote nilivyohudumia, ili mviingize kwenye mtambo, kila kimoja kipate namba yake. Nitawapa. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa pampu, na daftari langu ndilo hili, lina mafuta ya injini kila ukurasa. Lakini nimesikia pia kwamba wiki ijayo mnakwenda Hadado kulivunja lile birika la zamani la kunyweshea mifugo mjenge jipya. Hapo nina ombi, na nikilisema kwa maneno mawili mtasema mzee amechanganyikiwa. Basi nyweni chai kwanza.

Fungua daftari popote. Soma. Eeh, soma kwa sauti, Nasra. “Laodikia, mabomba ishirini na sita.” Endelea. “Yeriko, badilisha mpira wa pampu.” Mnacheka! Chekeni tu. Mimi sijawahi kuvuka mpaka wa nchi hii hata siku moja, lakini miji ya Biblia nimeitengenezea pampu karibu yote.

Ilianza hivi. Nilipoletwa huku kutoka kwetu Mwingi nilikuwa kijana mwembamba mwenye spana mbili na Biblia ya mama. Ile Biblia ilikuwa na ramani nyuma, ya rangi ya samawati na kahawia. Nilipokuwa mdogo niliipenda ile ramani kuliko mahubiri yenyewe. Huku nikakabidhiwa kwa fundi mkuu, Mzee Abdille, mtu wa Wajir, mrefu, ndevu nyekundu za hina, ana sikio moja tu zima. Lile lingine injini ililimaliza. Lakini hilo moja, wanangu! Alikuwa analibandika kwenye bomba juu ya kisima, anafumba macho, halafu anasema, “Pampu iko sawa, bomba la tisa ndilo limetoboka.” Tunavuta mabomba juu, moja, mawili, matatu, tunafika la tisa, tundu hilo hapo. Nilidhani ni uchawi. Kumbe maji yakitoroka huimba, na kila kina kina sauti yake. Ninyi mna mashine ya kupima hayo, najua. Siku betri ya mashine ikifa, bandikeni sikio.

Jina langu ni Isaka. Watu wa huku waliligeuza siku ya kwanza wakaniita Isaak, na Mzee Abdille akafurahi sana. “Mtoto wa Ibrahimu,” akasema. “Huyo naye alikuwa mtu wa visima. Kazi imekuchagua.”

Kisima changu cha kwanza kukiandika nusura kiniletee balaa. Familia mbili zilikuwa zinakigombania, na kila moja ilikiita kwa jina la babu yake. Mimi mgeni, sijui hili wala lile, nikatoa kalamu mbele ya watu na kuandika jina la kwanza nililolisikia. Lahaula! Mzee mmoja alisimama fimbo mkononi akauliza nani amenituma kugawa ardhi. Wenzake wakasimama. Wa upande wa pili nao wakasimama. Mzee Abdille akanipokonya daftari, akaichana ile karatasi mbele yao wote, akaitafuna. Wallahi, aliitafuna na kuimeza, kisha akaomba maji ya kuishushia. Watu wakacheka, fimbo zikashuka.

Tukiwa njiani akanifokea hadi Modogashe. “Huku jina la kisima ni hati ya shamba. Usiliandike mpaka ujue nani anasikiliza.”

Usiku kucha nikafikiria, nitafanyaje? Lazima niandike kina cha kisima, idadi ya mabomba, aina ya pampu. Asubuhi nikakumbuka kile kisima cha Beer-sheba, ambacho watu waligombana juu yake mpaka Ibrahimu akatoa kondoo saba, wakala kiapo, ugomvi ukaisha. Nikaandika: Beer-sheba. Nikamwonyesha Mzee Abdille kwa woga. Akaangalia, akatabasamu ndani ya zile ndevu. “Hii nzuri,” akasema. “Na Ibrahimu ni baba yetu sote, hakuna wa kumgombania.”

Lakini aliongeza neno ambalo mimi nililiacha lipite kama upepo. Alisema, “Isaak, jina la siri ni kama spana uliyoificha. Siku ikitakiwa, mwenyewe hayupo.”

Basi nikaendelea hivyo hivyo. Na niwaambie ukweli, ilinogesha kazi. Barabara ya huku ni ndefu, unaendesha kutwa nzima humwoni mtu, umewaona swala watatu na twiga mmoja anayekushangaa. Akili inaelea. Nikawa najiambia, leo naenda Laodikia. Hiyo ilikuwa kwenye njia ya Mandera, kisima kirefu, maji yanatoka ya vuguvugu, si ya moto si ya baridi, ndiyo maana nikakipa jina la mji ule uliokemewa kwa uvuguvugu. Polisi mmoja wa kutoka bara alikuwa akiyasifu: anasema yanapunguza kuni za chai. Wenyeji waliyaacha kwenye birika mpaka kesho yake ndipo wayanywe.

Yeriko ilikuwa Rhamu. Hapo nilikuwa sihitaji hata kufikiri. Unatoka kwenye mawe na joto la siku mbili, midomo imepasuka, unateremka, mara mbele yako kijani! Mto Daua, migomba, malimau, vitunguu vimepangwa mistari, watu wanafungulia maji kwenye mifereji kwa jembe. Harufu yake tu ilinifanya nitake kulia. Nilikuwa nazima gari juu kabla ya kuteremka, nakaa dakika chache naangalia. Dereva ananiuliza, “Mzee, gari ina shida?” Namwambia haina shida, mimi ndiye nina shida, nimeuona Yeriko.

Harani ilikuwa upande wa Liboi. Kisima kifupi, mabomba kumi na manne tu, pampu ndogo. Hapo mdomo wa birika ulifungwa kwa bamba zito la chuma, na sheria yao ilikuwa haliondolewi mpaka makundi yote ya siku hiyo yafike. Mimi kwa kimbelembele changu siku moja nikaliondoa mapema, nikiwahurumia mbuzi waliotangulia. Haraka haraka! Ngamia wa nyuma walisikia maji wakaja mbio, mbuzi wakakanyagwa, na mimi nikapanda juu ya tangi nikakaa huko hadi jioni. Ndipo nikaelewa kwa nini wachungaji wa Harani ile ya zamani walikataa kulivingirisha jiwe lao. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo tangu utotoni nikidhani ni wavivu tu.

Bethlehemu sikumpa mtu. Hiyo niliiweka kwetu. Mfalme Daudi alipokuwa vitani alitamani maji ya kisima cha kwao, kile cha langoni pa Bethlehemu, na mimi kila nikinywa maji ya chumvi ya huku nilitamani ya mtungi wa mama. Kwa hiyo kwenye daftari, nikienda likizo, nilikuwa naandika: “Bethlehemu, siku kumi.”

Sasa tufike Hadado.

Huko kulikuwa na mama mmoja, Dahabo. Mjane, mwembamba, mkali kama pilipili, na ngamia kumi na mmoja alioachiwa na marehemu mume wake. Hao ndio walikuwa mali yake yote na ukoo wake wote, maana hakuzaa. Mbele yao alitembea jike mkubwa mweupe mwenye kengele ya mti shingoni. Popote kengele ilipokwenda, wote walikwenda. Mimi nilimwita eedo, yaani shangazi, kama wanavyoita wao. Yeye aliniita Isaak tu, kama anayemwita mtu aliyekosea.

Jinsi tulivyojuana ni hivi. Ramadhani moja gari letu lilikufa karibu na kisima chake, saa sita mchana. Maji yetu yalikuwa yameisha na ya kisima hayajatoka, maana pampu ndiyo tuliyokuja kuitengeneza. Nilikuwa nimekauka koo hata siwezi kumeza mate. Lakini nitaombaje maji kwa watu waliofunga? Nikanyamaza, nikaegemea gurudumu, naona nyota mchana. Dahabo akaja na kibuyu cha maji. Akakiweka mbele yangu, kisha akanigeuzia mgongo akatazama upande wa pili, ili ninywe bila aibu.

“Kunywa,” akasema. “Mungu anajua wewe ni msafiri, mimi ni nyumbani.”

Midomo yake ilikuwa mikavu kuliko yangu. Nilikunywa nikilia, wanangu, sifichi. Jioni nikafungua daftari. Katika Injili kuna mji unaitwa Sikari, na nje ya mji kisima, na saa sita mchana msafiri mwenye kiu, wa kabila lingine na ibada nyingine, anamwomba maji mama aliyekuja kuteka. Nikaandika: “Sikari, mabomba thelathini.” Nikaona nimempa heshima kubwa kabisa niliyokuwa nayo.

Miaka ikaenda. Mzee Abdille akastaafu, mimi nikawa mkuu wa karakana, nikaletewa msaidizi, Barasa, fundi mzima, mtu wa Bungoma, mlokole, anaimba akikaza nati. Kiangazi kimoja kibaya mabomba ya Sikari yakaoza kwa chumvi. Barasa akiwa kazini kwingine, nikayatoa yote na vibarua wa pale, nikaiondoa na pampu, nikaileta Garissa kuifanyia marekebisho. Nilimwambia Dahabo, “Eedo, wiki moja.” Akauliza mara mbili, “Wiki moja?” Nikasema wiki moja, nakupa neno langu.

Pampu nikaimaliza kwa siku mbili. Nikaiweka kwenye rafu pamoja na nyingine tano, ya Harani ikiwemo, na kama kawaida yangu nikaipaka jina kwa rangi: SIKARI. Siku ya tatu nikapata habari kwamba mama anaumwa. Nikashika basi la kwanza. Barasa akanikimbilia hadi kwenye ngazi ya basi, “Mzee, na kazi ya Hadado?” Nami nikamjibu kwa kujiamini kote, “Kila kitu kiko kwenye daftari.”

Mama hakuwa mgonjwa sana, namshukuru Mungu. Siku ya pili alikuwa ananifokea kuhusu uzito wangu. Nikakaa kivulini, nikanywa maji ya mtungi, nikalala. Simu ikalia. Barasa. Nikaitazama ikilia. Nikasema moyoni, likizo ni likizo, hawa vijana lazima wajifunze kujitegemea. Ikalia tena. Nikaigeuza kifudifudi. Ikalia mara ya tatu, nikaizima, nikarudi kwenye usingizi wangu mtamu, na katika usingizi nikauota Yeriko.

Niliiwasha siku nne baadaye. Ikalia palepale.

“Mzee,” Barasa akasema, sauti imekwisha. “Harani haina maji.”

“Uko Liboi unafanya nini?”

“Siko Liboi. Niko Hadado.”

Nilisimama. “Nani alikwambia Hadado ni Harani?”

“Mzee, nilikutafuta. Hukushika. Kwenye daftari hakuna Hadado. Nikasoma Biblia. Nikaona, Hadado kuna wafugaji wengi wanaongojana kisimani. Hiyo ni Mwanzo ishirini na tisa. Nikasema ni Harani.”

Sasa sikieni nilivyoelewa mimi mwenyewe siku ile. Kijana wa watu alikaa karakanani na Biblia mkono mmoja na daftari langu mkono wa pili, akitafuta kwa maombi mji niliouficha. Dereva alikuwa mgeni, hajui lolote. Akachukua pampu iliyoandikwa HARANI na mabomba kumi na manne, akaenda hadi Hadado, akayashusha yote. Kamba ya kupimia maji hakuishusha, maana daftari la mzee lilikuwa limeshamwambia kina. Pampu ikaning'inia hewani, nusu ya njia, ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Na mtu angeweza kusema Barasa alikosea kutopima, na kweli alikosea. Lakini mimi najua spana ilikuwa mfukoni mwa nani.

Nilimuuliza jambo moja tu. “Mama Dahabo yuko?”

“Yuko, mzee. Wengine wote wamehamia Wajir na mifugo. Yeye amekataa. Anasema fundi amesema wiki moja.”

Sikumaliza chakula kilichokuwa mbele yangu. Basi hadi Garissa, kutoka basini moja kwa moja karakanani, pampu ya Sikari na mabomba thelathini juu ya lori, kisha barabara. Ile barabara niliyokuwa naota nikiipita, safari hii haikuwa na mji hata mmoja. Mazigazi yalisimama mbele ya kioo, na kila nilipoyaona niliyalaani kwa sauti. Dereva akadhani namlaani yeye.

Tulifika mchana. Ngamia wanne walikuwa wamelala chini wamekufa, na yule mweupe mmoja wao. Saba walikuwa wamesimama wamezunguka birika kavu, shingo zimeinama, hawatoi sauti. Dahabo alikuwa ameketi ndani ya kivuli chao, ile kengele ya mti mapajani.

“Nabad, eedo,” nikasema.

Hakuitikia salamu. Kwa Msomali kutoitikia salamu ni jambo zito, mnajua.

Sikujua la kufanya isipokuwa kazi. Mimi na Barasa tulisimamisha nguzo tatu, tukafunga mnyororo, tukaitoa ile pampu iliyoungua na mabomba yake, tukashusha yale thelathini. Nilishusha kamba ya kupimia kwanza, mbele ya Barasa, bila kusema kitu. Bomba la kwanza, la pili. Nikaangusha spana, nikaokota. Bomba la kumi na nne, pale Harani ilipoishia, Barasa akaanza kulia kimyakimya huku anakaza. La ishirini. La thelathini. Tukawasha jenereta. Nikabandika sikio kwenye bomba kama nilivyofundishwa, nikafumba macho. Kwanza hakuna kitu. Halafu kutoka chini kabisa, mbali, kama mtu anayepanda ngazi akiimba, yakaja.

Wale saba walikunywa mpaka matumbo yakawa duara. Ndipo nikamwendea Dahabo, nikachuchumaa mbele yake.

“Eedo, kosa ni langu. Si la huyu.”

“Ulisema wiki moja.”

“Nilisema.”

“Mimi nimengoja. Watu yote imeenda. Kaka yangu amesema twende. Mimi nimesema hapana, Isaak hasemi uwongo. Nimengoja na ngamia yangu, na hii pampu yako haikuja, ikaja ile ingine.” Akaigeuza kengele mapajani. “Kwa nini imekuja ile ingine?”

Nikamwambia yote. Daftari, majina, basi, simu niliyoigeuza kifudifudi. Hiyo ya simu ilikuwa ngumu kuliko zote, nikaisema nikitazama mchanga. Alisikiliza hadi mwisho.

“Hii yangu uliita nini?”

“Sikari.”

“Sikari ni nini?”

“Ni mji, eedo. Kwenye kitabu chetu. Kulikuwa na kisima hapo, na mama mmoja alikuja mchana, akakutana na msafiri mwenye kiu wa kabila lingine. Nilikumbuka ile Ramadhani. Kibuyu chako.”

Nilidhani uso utalegea. Haukulegea. Akafikiri.

“Huyo mama, jina yake nani?”

Nilisoma habari ile tangu nikiwa kwenye mapaja ya mama, nikaisikia ikihubiriwa mara sijui ngapi, na hilo swali sikuwahi kujiuliza.

“Halikuandikwa,” nikasema.

“Wameandika mji?”

“Ndiyo.”

“Wameandika kisima?”

“Ndiyo, hata aliyekichimba.”

“Mama wameacha.” Akatikisa kichwa taratibu, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. “Na wewe pia umeandika mji, mama umeacha. Kama ungeandika Dahabo, huyu kijana angeuliza, Dahabo wapi? Mtoto yoyote barabarani angemuonyesha.”

Nikainuka, nikalizunguka birika.

Mpasuko mkubwa ulikuwa kwenye birika, upande wa mashariki, maji yanavuja. Nilikuwa na mfuko wa saruji kwenye lori, nikaona angalau hilo nilitengeneze kabla sijaondoka. Nikakoroga, nikaziba, nikalainisha kwa mwiko. Saruji ikiwa bado mbichi nikasikia mtu nyuma yangu.

“Andika,” Dahabo akasema.

Kaka yake alikuwa amerudi kutoka Wajir baada ya kusikia habari, na wazee wawili pamoja naye. Akasema hapana, kisima ni cha watu wote, hakiwezi kuwa na jina la mwanamke mmoja. Nikakumbuka Mzee Abdille na ile karatasi aliyoitafuna. Saruji haitafuniki. Nikausimamisha mkono.

Dahabo hakupandisha sauti. “Kisima ni ya watu yote. Maji ni ya Mungu. Jina ni ya ile mtu alingoja.”

Wale wazee walitazamana. Walitazama wale ngamia wanne chini. Mzee mmoja akasema, “Haa,” yaani ndiyo, basi, akaondoka zake kwenda kuwaangalia wale saba. Kaka mtu naye akamfuata.

Nikachukua msumari, nikaandika herufi sita. Yeye hakujua kusoma. Aliinama, akapitisha kidole juu ya kila herufi, pole pole, saruji ikimshika kidole.

“Hapa ndiyo mimi?”

“Hapo ndipo wewe, eedo.”

“Sasa sema nabad,” akasema.

“Nabad, eedo.”

“Nabad.”

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kwenye daftari, Nasra, fungua ukurasa wenye alama ya kamba nyekundu. Unaona Sikari imepigwa mstari, na juu yake jina? Niliporudi karakanani nilikaa na Barasa siku mbili, tukapiga mstari kila mji, tukaandika juu yake jina la mahali na jina la mtu wa kuulizwa. Penye ugomvi tuliandika majina yote mawili na ya wazee wote wawili. Kumbe iliwezekana siku zote, ilitaka tu mtu akae chini aulize. Kuuliza si ujinga, na mimi miaka yote nilijifanya mwerevu.

Dahabo alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Ngamia wake, wale saba na waliozaliwa nao, wako kwa watoto wa kaka yake. Nimeambiwa kuna jike jeupe tena, linavaa ile kengele.

Wekeni namba, sikatai. Mtambo unataka namba. Na birika lijengeni jipya, lile limechoka, hata mimi nililiziba mara tano. Ombi langu ni hilo moja. Kabla ya nyundo, nendeni upande wa mashariki, chini kidogo, mahali ngamia wanapoweka midomo. Pamelambwa miaka mingi, jina hutaliona kwa macho. Pitisha mkono, Nasra. Utalihisi. Likate lote zima, uliweke kwenye ukuta mpya, na mtu akikuuliza huyo ni nani, usimwambie habari za mji wowote.